Mvua Iko Nje, Mimi Niko Ndani

Kahawa huwa tamu zaidi mvua ikinyesha. Sihitaji kumthibitishia mtu hilo; yeyote aliyewahi kukaa chini ya bati na kikombe mkononi analijua. Lililonisumbua mimi ni swali linalofuata: utamu huo wa ziada unatoka wapi? Kahawa ni ile ile. Maji ni yale yale ya mfereji, sukari ni ya dukani kama kawaida. Kilichoongezeka ni mvua tu, na mvua yenyewe haijaingia kikombeni.

Usiku ulioniletea swali hili ulikuwa mwishoni mwa Mei, ule wakati masika bado hayajaaga na baridi ya Juni imeshaanza kubisha. Watu wa mbali wakisikia Nairobi hudhani tunaishi juani mwaka mzima. Hawajui tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwamba kuna usiku sweta mbili hazitoshi. Vitabu huita majira haya kipupwe. Sisi tunasema tu, "baridi imeingia," na kila mtu anaelewa.

Stima ilipotea saa mbili kasorobo. Naishi orofa ya tatu, ya juu kabisa, kwa hivyo dari yangu ni ubao mwembamba na juu yake mabati, na mvua ikinyesha hakuna mazungumzo ndani ya nyumba. Upepo ulikuwa umeshika bati moja la ploti ya jirani unalipiga pa, pa, kama mtu anayedai deni. Nikawasha mshumaa. Nikasema, leo ni leo, nikatoa mbuni ya mama.

Mbuni, kwa asiyejua, ni kahawa ambayo haikupita njia ya kawaida ya kiwandani. Ni matunda yaliyokaukia mtini, yaliyookotwa chini, au yaliyokataliwa wakati wa kuchagua. Mkulima huyaanika na ganda lake hadi ukiyatikisa yanalia. Katika madaraja ya kahawa ya Kenya, juu kabisa kuna AA, ile inayosifiwa duniani kote, na chini kabisa kuna mbuni. Mama hunitumia kilo mbili kwa matatu kutoka Nyeri, ameshaitwanga na kuipepeta, imefungwa kwenye mfuko wa zamani wa unga wa ngano. AA ya shamba letu sijawahi kuionja. Huenda wewe unayesoma umeionja.

Nilizikaanga kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, nikikoroga kwa mwiko bila kupumzika, maana ukigeuka tu kutafuta kiberiti upande mmoja umeshaungua. Mwanzoni zinanuka kama nyasi zilizokatwa. Halafu kama mkate. Baada ya muda zinaanza kupasuka kama bisi, na hapo harufu yenyewe inafika, nzito, inajaza nyumba hadi chumbani. Nikazimwaga kwenye sinia zipoe. Nikazitwanga kwenye kikinu changu cha kitunguu saumu, kwa hivyo kahawa yangu huwa na harufu kidogo ya saumu. Wataalamu mniwie radhi. Nikachemsha, nikatupia kipande cha tangawizi, nikaacha machicha yatulie, nikachuja kwa kichungi cha chai. Nikakaa kwenye kiti kando ya dirisha, blanketi miguuni.

Ilikuwa tamu. Nataka kulisema hilo bila kuomba msamaha, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi ya maadili huanza kwa kuharakisha kuiona raha kama kosa. Ilikuwa tamu sana. Na kila upepo ulipopiga bati la jirani, ilizidi.

Nikawa najiuliza. Jibu la haraka ni kwamba raha hupimwa kwa kinyume chake. Joto bila baridi ni hewa tu. Sawa, nakubali, lakini baridi ya nani? Mimi sikuwa nimenyeshewa siku hiyo. Nilifika nyumbani saa kumi, jua bado lipo. Kama utamu ungetokana na kumbukumbu ya baridi mwilini mwangu, ungekuwa mdogo. Nilikuwa nakunywa kahawa na baridi ya kufikiria tu, baridi iliyokuwa ng'ambo ya kioo. Na ng'ambo ya kioo si mahali patupu. Kuna watu.

Kuna mshairi mmoja wa Kirumi, Lucretius, aliyeishi karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mwanzoni mwa kitabu cha pili cha utenzi wake mrefu kuhusu maumbile ya vitu anamweka mtu ufukweni, salama, akitazama mwingine akihangaika baharini katika dhoruba, na anasema jambo hilo lina utamu wake. Anajitetea mapema: si kwamba tunafurahia mateso ya mwenzetu, bali ni vizuri kuona balaa ambalo wewe limekupita. Nilifundishwa hayo chuoni na nikaandika kwenye daftari kwamba ni jibu zuri. Usiku ule halikunitosha, na nitasema kwa nini. Ila kwanza lazima niseme kuhusu mvua ya mama, maana ndiyo niliyoifahamu kabla ya Mrumi yeyote.

Kwetu kahawa ilikuwa kazi, chai ndiyo ilikuwa kinywaji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoonja kahawa mara ya kwanza, na ilikuwa ya unga wa kopo, hapa hapa Nairobi. Shamba la mama lilikuwa na miti kama mia mbili. Kuna mavuno makubwa ya kuelekea Desemba, na kuna yale madogo ya katikati ya mwaka, yanayoangukia mvua na baridi. Kahawa ikishavunwa lazima ifike kiwandani siku hiyo hiyo. Ikilala na ganda lake inaanza kuchacha na daraja linashuka. Kwa hivyo mvua haikuwa sababu ya kubaki nyumbani. Unavuna umejifunga karatasi ya nailoni mgongoni, unabeba gunia hadi kiwandani, unamwaga chini, unaanza kuchagua: nyekundu huku, mbichi na zilizoharibika kule. Halafu unapanga foleni ya mizani. Kuna siku tulipimiwa saa nne usiku. Nilikuwa nimelala juu ya magunia matupu, mama amenifunika kwa leso yake, yeye mwenyewe amesimama na blauzi ikimganda mwilini. Zile zilizokataliwa tulizirudisha nyumbani, nazo ndizo zikawa mbuni.

Malipo yalikuja baada ya miezi mingi, na kuna mwaka hayakuja kabisa. Baadaye nilisoma kwamba Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana mauzo kwa mgao ulivunjika na bei ikaporomoka. Nilisoma pia kwamba Kenya, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 120,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya themanini, siku hizi hutoa kama tani 50,000 au chini yake. Watu waling'oa. Mama hakung'oa. Nikimuuliza sababu husema miti haijamkosea.

Ninachotaka kukionyesha ni hiki. Kahawa ile nzuri ilipanda meli ikaenda Ujerumani, Ubelgiji, Marekani, Sweden. Huko nako kuna usiku wa dhoruba, tena ya theluji. Na mtu mmoja huko, ambaye simjui na simchukii, alikaa dirishani kwake na blanketi miguuni akanywa mvua ya mama yangu, akaiona ni tamu. Hakukosea. Ilikuwa tamu kweli. Lakini yeye hakuwa mtu wa ufukweni wa Lucretius. Yule wa ufukweni na yule wa baharini hawakuwa na shughuli yoyote kati yao. Dhoruba haikuwa ya mmoja wala ya mwingine. Huyu wa dirishani alikuwa na mkataba na mama, mkataba mrefu wenye watu wengi katikati, ila mkataba. Mama alinyeshewa kwa ajili yake.

Hapo ndipo nilipotazama chini getini.

Soja wetu ni mtu wa makamo, tunamwita Mzee. Anakaa, au tuseme anatakiwa kukaa, kwenye kibanda cha mabati chenye upana wa mikono miwili. Usiku ule kila radi ilipomulika nilimwona amesimama. Sikushangaa, nimemwona akisimama siku nyingi za mvua. Kwenye WhatsApp ya ploti amewahi hata kusifiwa: "Soja wetu halali, hata mvua ikinyesha yuko macho wima." Mimi mwenyewe niliweka kidole gumba.

Nikajaribu kuendelea kunywa. Haikuwezekana, na sidai kwamba ni kwa sababu ya wema. Mtu akishaonekana, amekuingilia kikombeni. Nikajiambia uongo wa kawaida: analipwa. Kisha ukweli wa kawaida: analipwa kidogo. Halafu nikakumbuka Aprili ya 2024, ile mvua iliyoua watu wengi nchini. Alfajiri ya tarehe 29 maji yaliyokuwa yamezuiwa chini ya reli karibu na Mai Mahiu yalibomoka, yakachukua nyumba na watu zaidi ya arobaini waliokuwa wamelala. Hapa Nairobi, Mathare ilikuwa chini ya maji. Wiki hiyo mimi nilikunywa kahawa kila jioni, nakumbuka vizuri, na niliandika mtandaoni kwamba hali ya hewa ni ya kusoma kitabu. Niliifuta baadaye. Hakuna aliyenilaumu, niliifuta tu.

Basi nikajaza kikombe kingine, kile kikubwa cha udongo, nikakifunika kwa kisahani, nikashuka ngazi na mwavuli.

"Mzee, shika hiki."

"Ai, mwalimu. Hii mvua yote?"

"Ni kahawa. Ya nyumbani."

Akacheka kidogo. "Asante sana. Lakini mimi kahawa sinywi, mwalimu. Nikinywa, kesho mchana silali, na usiku nikija hapa nitalala kazini mnifute. Chai ndiyo ningekunywa." Halafu akaona nimesimama tu na kikombe changu kama mtoto aliyefukuzwa shule, akanyoosha mikono. "Lete nishike. Mikono imekufa baridi."

Akakishika kwa viganja vyote viwili, kifuani, bila kunywa. Tukasimama hivyo. Sikuwa nimepanga la kusema, kwa hivyo nikasema la kijinga: "Si ungekaa upumzike kidogo? Mwizi gani atatoka leo?"

"Nitakaa wapi? Panavuja hapo kwa kiti. Ukikaa maji yanashuka shingoni moja kwa moja. Hapa kona ndiyo kavu, lakini ni ya kusimama."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama mtu anayekuonyesha choo kiko wapi. Nikamulika kwa simu. Bati lilikuwa na tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi na ufa mrefu kutoka hapo. Kiti cha plastiki kilikuwa kimejaa maji kama karai.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ningependa kuliruka. Mwezi wa tatu, mwenyekiti wa ploti alituma ujumbe: kibanda cha geti kinahitaji mabati mapya na kiti, fundi amepiga hesabu ya shilingi 8,400, tuko nyumba 24, kwa hivyo kila nyumba itoe 350. Wa kwanza kujibu nilikuwa mimi. Niliandika: "Wapendwa, mwezi huu mambo ni mengi, tusukume hadi mwezi ujao?" Nikapata vidole gumba vitano. Mwezi uliofuata hakuna aliyekumbuka, na masika yakaanza. Shilingi 350, na mjini kuna mikahawa ambayo kikombe kimoja cha kahawa kinakaribia hapo. Sikuwa nimefulia mwezi ule. Mambo hayakuwa mengi hivyo. Nilikuwa kitandani, niliona ujumbe, nikajibu.

Kwa hivyo nilipokuwa dirishani nikijiuliza kama ni haki kufurahia joto langu wakati mwingine ananyeshewa, nilikuwa nimeliuliza swali kwa namna iliyonipendelea. Niliiweka mvua kama kitu kilichotoka mbinguni kikatukuta sisi wawili, mmoja ndani mmoja nje, kwa bahati. Tundu la bati halikutoka mbinguni. Lilipitia simu yangu. Na ile kahawa niliyoshuka nayo, naomba niseme ukweli, nilishuka nayo ili nikirudi juu niweze kumalizia yangu. Ilikuwa kama ada ya kiingilio. Mzee alipokataa kuinywa alikuwa amenirudishia ada yangu bila kujua.

Kuna watu nitawasikia wakisema nimezidisha, kwamba ukifuata njia hii hutakunywa chochote, maana kila kitu kina mtu aliyenyeshewa nyuma yake. Hoja hiyo naiheshimu. Nilikuwa na jioni kadhaa baada ya hapo ambapo sikunywa kahawa kabisa, nikajiona nimeendelea kiroho. Nikampigia mama simu Jumapili, nikamweleza yote, nikitarajia, nadhani, sifa.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo mbuni yangu imekaa kwa mfuko?"

"Siyo hivyo, mama. Ni kwamba nikikunywa nawaza..."

"Niliianika wiki tatu. Kila wingu likija natoka mbio kuianua. Niliianika inyewe. Usipokunywa, ni nani amepata joto hapo?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama siku zile kwenye foleni aliwahi kuwawazia watu watakaoinywa. Akasema ndiyo, sana. Akasema alikuwa akiwaza kwamba itakuwa vibaya kama wangeimwaga. Kisha akaniuliza bati la geja gani, akasema nisikubali fundi aniletee lile jembamba, litaoza kwa miaka miwili.

Nimelifikiria jibu lake kuliko la Lucretius. Anayenyeshewa hataki lazima tuione raha yetu kuwa dhambi. Mama alitaka vitu viwili, na hakuona vinapingana: kahawa yake ifurahiwe, na alipwe. Kile cha kwanza alipewa miaka yote na watu asiowajua. Cha pili ndicho kilichokosekana, na hakuna kiasi cha huzuni cha mtu wa Hamburg ambacho kingemletea. Huzuni yangu ya dirishani nayo ilikuwa ya aina hiyo. Ilinifanya nijihisi mtu wa maana huku kiti cha Mzee kikijaa maji. Na bado siwezi kuitupa kabisa, kwa sababu bila ile kero nisingeshuka ngazi, na bila kushuka nisingeliona tundu. Labda kero ina kazi hiyo moja, kukutoa kitini, na ikishakutoa inafaa iachwe mlangoni kama mwavuli. Sijui. Kuna siku naona nimejitafutia tu njia ya kunywa kahawa yangu kwa amani.

Jumatatu niliandika kwenye kundi. Nilisema ni mimi niliyesukuma jambo lile Machi na sikupaswa, nikatuma 350 yangu hapo hapo kila mtu aone. Walilipa 17. Mmoja aliuliza kama soja hawezi kutumia mwavuli. Mwingine akauliza tunahakikishaje akiketi hatalala, na hilo lilijadiliwa kwa jioni nzima, watu wazima, na maneno makali. Mwishowe tukapata 5,950, fundi akakubali kuanza na mabati na kiti tukasaka cha mtu aliyekuwa akihama.

Jumamosi fundi alikuja na mabati mawili, la geja ya mama. Mzee hakuwa zamu, lakini alikuja, amevaa suruali ya nyumbani, akamshikia ngazi. Kikombe changu cha udongo alikuwa amenirudishia kitambo, kimeoshwa, kimewekwa kwenye ngazi ya kwanza. Niliposhuka na chupa ya chai aliuliza kama ni chai kweli, akaifungua akanusa kwanza.

Wiki hiyo hiyo mvua ilirudi usiku. Nilikaanga mbuni. Kutoka dirishani kibanda kinaonekana nusu tu, na mtu akiketi ndani huwezi kumwona kutoka juu. Nilikaa nikitazama mahali ambapo hakuonekana, hadi kikombe kikapoa, nikakipasha moto tena.